Mwongozo wa Kulea Mbu Nyumbani: Toleo la Kasulu na Kibondo

Mwenye nyumba makini hangoji mvua zianze ndipo aandae makazi yenye afya. Afya ya mbu, lakini afya ni afya. Tena mkoa wetu una heshima ya kulinda: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto wapatao 24 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama 7. Tuliongoza Tanzania Bara nzima. Nafasi kama hiyo haishikwi kwa uzembe, kwa hiyo fuata hatua hizi.

1. Fyatua matofali uani. Kiangazi chimba, kanda udongo, panga tanuru, choma. Nyumba ikisimama, shimo liache wazi. Utalifukia kwa udongo gani, na wenyewe umeshakuwa ukuta? Oktoba au Novemba litajaa maji ya mvua, safi, yanayopigwa na jua. Mbu wa malaria huyapenda hayo kuliko maji machafu ya mtaroni. Ndani ya wiki moja au mbili yai limekuwa mbu mwenye mabawa. Afisa afya akiuliza, mwambie ni bwawa la bata.

2. Pambana na majani. Fyeka nyasi, fagia uwanja hadi ung'ae, kisha keti kando ya shimo upumzike. Wapita njia watakusifu kwa usafi.

3. Kitunze chandarua. Kile ambacho mama alipewa kliniki akiwa mjamzito kina dawa, usikichakaze kitandani. Kifunikie kitalu cha nyanya au kizungushie banda la vifaranga. Mpaka leo hakuna kifaranga wa Kasulu aliyelazwa kwa malaria, ushahidi tosha kwamba chandarua kinafanya kazi.

4. Mwachie mgeni njia. Kati ya ukuta na bati acha uwazi mpana, usiuzibe wala usiuwekee wavu. Mbu huyu hutafuta damu usiku, na hapo ndipo mlango wake mkuu. Kuingia dirishani kama mwizi ni kumvunjia heshima.

5. Homa ikibisha, usipime. Kipimo cha haraka zahanati hutoa jibu kwa dakika 20 hivi, muda ambao ungetosha kabisa kumtuhumu jirani kwa uchawi. Mnunulie mtoto dawa dukani kwa kukisia, na akipata nafuu siku ya pili mwachishe. Vidonge vilivyobaki funga kwenye karatasi, mwekee mdogo wake akiba.

6. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, uliza serikali inafanya nini. Uliza kwa sauti. Shimo lako usilitaje, si ajenda.

Atakayeona ushindi huu umetuchosha, dawa yake ni jembe na Jumamosi moja au mbili: afukie shimo kabla ya mvua, au alichimbie mfereji maji yatoke, na chandarua kirudi kitandani. Akimaliza kwake avuke ua akamsaidie jirani, maana mbu aliyezaliwa kwa jirani hana haja ya kubisha hodi kwako.