Sifa za Neva ya Paja

Wengine wausifu mukeke wa Tanganyika, wengine mawese ya Rumonge. Mimi mtu wa Muhuta naisifu neva nyembamba ya paja langu, inayonichoma ubavuni mwa paja kama upupu kila nikisimama dukani.

Kwanza, imesomwa na madaktari wakubwa. Mwaka 1895 Bernhardt wa Ujerumani na Roth wa Urusi waliandika habari zake, na Roth akaupa ugonjwa wa neva hii jina la Kigiriki: meralgia, maumivu ya paja. Mwaka huohuo Sigmund Freud akaandika juu ya paja lake mwenyewe. Leo mimi na Freud ni ndugu wa ganzi moja.

Pili, ina adabu. Kazi yake ni hisia za ngozi tu, misuli haiigusi. Paja linawaka, lakini mguu bado unabeba kidumu cha mawese hadi barabarani. Kwa hiyo huna sababu ya kulala nyumbani, na jirani hana sababu ya kukupa pole.

Tatu, haina upendeleo. Hupita chini ya kano ya kinena, karibu na mfupa wa nyonga, palepale mkanda unapokaa. Bwana mwenye kitambi, mama mjamzito, muuza ndagala aliyekaza kitenge juu ya fundo la noti, wote inawachoma sawasawa. Wenye kisukari nao haiwasahau.

Nne, haipendi gharama. Daktari huuliza, hugusa ngozi, hugonga goti, hupima nguvu za mguu. Kisha hukulaza ubavu na kuikandamiza nyonga kwa sekunde 45. Moto ukipoa, ni yenyewe. Dawa yake ya kwanza ni kulegeza nguo, kupunguza uzito na kusubiri, na wengi hupona hivyo. Ikikaidi, kuna vidonge vya neva, au sindano ya ganzi na steroidi pale nyongani. Kisu ni cha wachache.

Mimi nililichua paja kwa mawese mwezi mzima, mkanda ukiwa umekazwa vilevile. Nilikuwa nakumba maji mtumbwini bila kuziba tundu.

Mguu ukilegea, au mkojo ukikataa kuzuilika, huo si ugonjwa ninaousifu: wahi hospitali. Kama ni moto wa paja tu, ndugu msomaji, rudisha mkanda tundu moja nyuma.