Ndoo Moja ya Jua

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba mkoani Morogoro kuna familia zinazolipia joto, atakuuliza umepima malaria lini. Yeye Morogoro anaijua Msamvu: stendi, vumbi na jasho la kugombea siti. Hajawahi kukata kona pale Sangasanga akapanda Mgeta mwezi wa saba. Kila upandapo mita 1,000, joto hushuka nyuzi sita hivi. Huko Nyandira ukungu huingia ndani bila hodi, na wanaoonekana kufurahia hali hiyo ni mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa huku katika miaka ya 1980. Binadamu tunaoga kwa dua.

Nyandira ni ukweni kwangu na ndiko tulikojenga. Bafuni tulifunga hita ya umeme, ile ya kwenye bomba la mvua. Hita hiyo hula kilowati tano. Watu watano wakioga dakika kumi kumi, zimeliwa uniti nne na ushee. Kwa mwezi zinapita 120. Na kila mwenye LUKU anajua kuwa nyumba ya matumizi madogo hupewa bei nafuu maadamu haivuki uniti 75 kwa mwezi. Yaani bafu peke yake linakutoa kwenye kundi la wanyonge kabla hujawasha hata taa. Shemeji yangu hupenda kuimba akioga. Sasa akifika ubeti wa pili, mke wangu husimama mlangoni na kumtangazia uniti zilizobaki kama mtangazaji wa mpira dakika za majeruhi.

Tukaita fundi wa sola kutoka mjini. Akaja asubuhi moja ya jua kali, akatazama paa, akatabasamu.

"Mzee, hili jua ni la bure!"

Lakini Waluguru hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo bati la nyumba yangu haliguswi kabla mjomba wa mke wangu hajasema neno. Akaletewa kiti. Akaishika paneli, akaigeuza, akaigonga kwa kidole.

"Fundi, hii inachemsha ndoo ngapi?"

"Mjomba, hii ni wati 100!"

"Sikuuliza wati, mwanangu. Nimeuliza ndoo."

Fundi akatoa simu, akapiga hesabu, na tabasamu likaanza kupungua. Kupasha ndoo ya lita 20, kutoka ubaridi wa Mgeta hadi uvuguvugu wa kuogea, kunataka nusu uniti hivi. Paneli ya wati 100, ikipata saa tano za jua zuri, huvuna nusu uniti. Kutwa nzima juu ya bati, ndoo moja! Na hapo hujawasha taa wala kuchaji simu. Na siku ya ukungu, ambayo ndiyo siku yenyewe ya kutaka maji ya moto, paneli nayo inasikia baridi.

Ili kuokoa heshima yake, fundi akachomeka kwenye inveta yake ndogo ile hita ya kutumbukiza ndani ya ndoo. Inveta ikalia piiii, ikazima. Ikazima pamoja na redio ya Mjomba, katikati ya taarifa ya habari. Kikao kikafungwa.

Kwa haki ya fundi, alitueleza pia habari ya hita ya sola yenye mirija ya vioo na tangi juu ya paa. Hiyo haipiti kwenye umeme kabisa. Jua hupasha maji moja kwa moja, wakati paneli hugeuza kuwa umeme karibu sehemu moja tu kati ya tano za mwanga inaoupata. Kwa maji ya kuoga, hiyo ndiyo mashine yenye akili. Bei yake ndiyo iliyomfanya mke wangu amkaribishe fundi chai na kubadilisha mazungumzo.

Mama mkwe muda wote huo alikuwa jikoni, kwenye mafiga yake matatu. Moto ule unapika ugali, unapasha maji na kutuotesha sisi sote, na moshi wake unafukuza wadudu kwenye mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu. Shindana nao uone! Ila macho yanamtoka machozi na kifua kinambana, na kuni hazikatwi ovyo, kwa kuwa msitu wa Uluguru ni hifadhi na humo ndimo mto Ruvu unamoanzia. Ndiyo, maji ya huyo mtu wa Dar es Salaam hutoka kwetu, naye anayaoga bila kuyapasha.

Tulichofanya hatimaye ni hiki: paneli moja kwa ajili ya taa, simu na redio ya Mjomba, na juu ya bati tumezungusha bomba jeusi la plastiki, ambalo jua likiwaka hutoa maji ya moto alasiri. Kwa hiyo kwetu watu wanaoga saa tisa mchana, tena kwa foleni, wazee kwanza. Ukungu ukishuka, hakuna anayemuuliza mwenzake kama ameoga.

Nawe ukialikwa Mgeta mwezi wa saba, karibu sana, lakini oga mjini kabla hujapanda.