Kipimajoto cha Kiboko

Wanyama wa kijiji cha Makwale walikuwa na mwenyekiti mmoja, Kiboko, na Kiboko alikuwa na kipimajoto kimoja, cha zebaki, kile cha maabara za shule kinachosoma kuanzia chini ya sifuri mpaka digrii 110. Alikinunua Kyela mjini akakifunga kamba, akakivaa shingoni. Tangu siku hiyo mashauri ya kijiji yaliamuliwa kwa kukisoma. Namba ikipanda, kazi imefanyika. Ikishuka, kuna mzembe. Ikisimama, hakuna kilichotokea.

Shauri la kwanza lilikuwa la mawese. Mwaka huo michikichi ilizaa sana, na akina mama wa kijiji, Kanga na Mbuzi na wenzao, walichemsha chikichi, wakazitwanga kinuni, wakakamua, wakaengua mafuta yaliyoelea na kuyatia kwenye sufuria kubwa ili yachemke mara ya mwisho. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba mafuta yaliyoenguliwa bado yana maji ndani yake, na maji hayo hayana budi kutoka. Punda alileta kuni. Moto ukakolea, zebaki ikapanda: 60, 80, 95. Ilipofika 98 ikasimama.

Ilisimama hapo kwa muda mrefu. Sufuria ilikuwa ikitokota kwa nguvu na kutatarika, povu la rangi ya machungwa likipanda na kushuka, mvuke ukiwalowesha akina mama nyuso. Punda akaleta mzigo mwingine, na mwingine tena. Namba ni ileile.

"Punda," alisema Kiboko, "mizigo yako mitatu ya mwisho imefanya nini?"

"Imeungua, Mheshimiwa."

"Naona imeungua. Nauliza imefanya nini. Namba haijasogea." Akamgeukia Sungura, karani wa kijiji. "Andika: kuni zimeliwa bure. Punda akatwe ujira wa mizigo mitatu. Zimeni moto."

Moto ukazimwa. Mafuta yakatiwa kwenye madumu yakiwa bado yana maji, na baada ya wiki chache yakaanza kuchacha. Kila aliyeyamimina kikaangoni aliyaona yakirukaruka na kumchoma mikono. Kiboko aliunda kamati ya kuchunguza ubora wa madumu.

Kobe, ambaye umri wake haukuwa ukijulikana na mtu yeyote pale kijijini, alijaribu kueleza. Alisema kwamba Makwale iko juu kidogo ya Ziwa Nyasa, na ziwa lenyewe liko mita 470 na ushei juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa huku ni nyepesi kidogo kuliko Dar es Salaam na maji huchemka kwenye digrii 98 hivi, hayangoji 100. Maadamu maji yamo sufuriani, namba itakaa hapo, mlete kuni za msitu mzima. Joto halijapotea. Linayang'oa maji kutoka kwenye umajimaji wake na kuyafanya mvuke, na kazi hiyo ni nzito mno: kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunadai zaidi ya mara 5 ya joto lililohitajika kuyatoa maji hayo sifuri na kuyafikisha kwenye kuchemka. Tone la mwisho likishatoka, kutatarika kunakoma, na hapo namba hupanda ghafla. Asiyekuwa macho huunguza mafuta.

"Tata Kobe," alisema Kiboko, "kijiji hakiongozwi kwa kusikiliza sufuria."

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo hili la Kobe, kwa sababu naliona ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo akili ya binadamu imeyagundua, na linafundishwa shuleni kwa mstari mmoja tu kisha linapitwa. Kipimajoto hupima jinsi molekuli zinavyokimbia na kutikisika. Hakipimi jinsi zilivyoshikana. Barafu inapoyeyuka, joto linaloingia linatumika kuzilegeza molekuli zilizofungana, halizikimbizi, kwa hiyo zebaki haina habari nalo. Joseph Black, aliyefundisha Glasgow, ndiye aliyelipima mwanzoni mwa miaka ya 1760, na wanafizikia wetu wanaliita jotofiche. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu bila kuiongezea hata digrii moja lingetosha kuyafikisha maji hayohayo kwenye digrii 80. Yaani wakati namba imelala ndipo sehemu kubwa ya kazi inapofanyika.

Ziwa Nyasa lenyewe linaishi hivyo. Maji mengi yanayoliaga ziwa hayapiti Mto Shire. Yanapaa kama mvuke, yakiwa yamebeba jotofiche ambalo hakuna ngozi inayolihisi. Mvuke ukipanda kwenye kuta za Milima ya Livingstone na Rungwe unapoa, unakuwa matone, na lile joto linarudishwa hewani na kulisukuma wingu lizidi kwenda juu. Ndiyo sababu mojawapo Kyela inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mpunga wake unasimama vile. Na panda kutoka hapo mpaka uwanda wa Kitulo usiku wa Juni au Julai, utakuta maji yaleyale yameganda juu ya majani.

Basi, shauri la pili lilikuwa la barafu.

Fisimaji, mvuvi wa Matema, alikuja Makwale na sanduku la samaki, mbasa wakubwa, wamelazwa kwenye vipande vya barafu, jumla yake kilo 20, iliyotoka Kyela mjini. Alikuwa akimngoja mnunuzi ambaye angefika kesho yake kutoka Tukuyu. Kiboko alichukua ulinzi wa sanduku kama jambo la heshima ya kijiji. Asubuhi alitumbukiza kipimajoto: sifuri. Saa nne: sifuri. Adhuhuri, jua la Kyela likiwa limekaa juu ya mfuniko: sifuri. Kila mara alimwambia Sungura aandike, na Sungura aliandika kwamba chini ya uongozi imara hali ya samaki ni shwari.

Palikuwa na Ngedere mdogo, binti, mwanafunzi, mwenye tabia ya kuchungulia. Yeye hakusoma zebaki. Alifunua mfuniko akaingiza mkono. Asubuhi vidole vyake viligonga vipande vikubwa vyenye makali. Saa sita vilipita kwenye vipande vidogo vya mviringo vilivyokuwa vikielea, na maji yalifika kwenye kifundo cha mkono.

"Shikamoo Mheshimiwa mwenyekiti. Barafu inakwisha."

"Marahaba. Kipimajoto kinasema ngapi?"

"Sifuri."

"Asubuhi kilisema ngapi?"

"Sifuri."

"Sasa kimekwisha nini?"

Wajumbe wakacheka. Ngedere akasimama palepale na kusema kwamba kwenye mawese namba iliposimama Punda alikatwa ujira, na leo namba imesimama mwenyekiti anasifiwa. Kama namba iliyosimama maana yake ni kwamba hakuna kilichotokea, mbona mara ya kwanza ilikuwa kosa na mara ya pili ni sifa? Sungura akajibu bila kuinua kichwa kwamba hiyo ni fizikia ya ngedere, haihusiani na fizikia ya dunia nzima. Wakacheka zaidi.

Jibu la namna hiyo limewahi kutolewa kweli katika nchi hii. Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba kule Lushoto, Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalitakiwa yachemshwe kisha yapozwe kabla ya kuingia kwenye friji, lakini nafasi ilikuwa chache, akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeingiza bila kuchemsha bado yalikuwa uji mzito. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Wanafunzi wakaifanya utani. Akaenda maabara mwenyewe, akajaza maji vyombo viwili, akajionea. Kisha Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipokwenda kutoa mhadhara, kijana akasimama mbele ya wote na kuuliza swali lilelile. Osborne hakuamini, lakini alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha pamoja makala katika jarida la Physics Education. Wanafizikia bado wanabishana: wapo wanaotaja uvukizi, wapo wanaotaja hewa iliyoyeyuka majini au mzunguko wa maji chomboni, na Henry Burridge na Paul Linden, waliopima upya na kuchapisha mwaka 2016, walisema hawakuona ushahidi wa maana. Kwangu mimi ubishi huo haumpunguzii kijana yule hata chembe. Aliingiza mkono kwenye friji akasema alichokikuta, na dunia ikalazimika kupima. Na wakati makala ile inatoka alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori pale Mweka, Moshi, jambo ambalo Ngedere wa Makwale angelifurahia.

Turudi Makwale. Saa tisa alasiri kipande cha mwisho cha barafu kiliyeyuka. Kiboko alikuwa ametoka kusoma sifuri muda mfupi tu uliopita. Safari hii alisoma 6. Akakipangusa kipimajoto, akasoma 9. Kabla jua halijazama ilikuwa 20, na mbasa walikuwa wameanza kulegea macho na matumbo. Mnunuzi alipofika alisimama upande wa juu wa upepo, akageuza gari. Fisimaji hakusema neno. Aliwamwaga samaki wake shimoni mmoja mmoja, na wanyama walisimama wakatazama mpaka akamaliza.

Usiku ule Kiboko alimwendea Kobe, na Ngedere aliitwa. Waliongea mpaka jogoo wa kwanza. Mbasa waliofuata walilindwa kwa mizani: barafu ilipimwa uzito kila baada ya saa moja, na uzito ukipungua mno, mtu alitumwa kuongeza nyingine. Sufuria za mawese ziliachwa mikononi mwa Mbuzi, ambaye tangu zamani alikuwa akitambua kwa sikio tone la mwisho la maji linapotoka.

Juni, asubuhi moja ya ubaridi, Ngedere alileta chupa ya mawese barazani. Chini yalikuwa yameganda punjepunje, rangi ya machungwa iliyopauka. Juu yalikuwa majimaji kabisa, mekundu, unaona mkono wa upande wa pili. Sungura alisema yamechanganywa na kitu. Kobe akakataa: mawese ni mkusanyiko wa mafuta ya aina nyingi, kila aina ina digrii yake ya kuganda, kwa hiyo hayana namba moja kama maji. Akasema hata mafuta ya kakao iliyopandwa pale nyuma ya nyumba yana njia sita za kujipanga yanapoganda, na wanaotengeneza chokoleti huko ng'ambo wanahangaika kuipata moja tu, inayoyeyuka karibu na digrii 34, ndipo chokoleti ing'ae na kulainika mdomoni.

Kiboko aliigeuza chupa, akaitazama kwa muda.

"Leta nyingine mbili," alimwambia Ngedere. "Moja tuiweke juani, moja majini, hii ibaki kivulini. Sijui itakuwaje." Halafu akamwita karani. "Sungura, fungua daftari la mawese. Punda alipwe mizigo yake mitatu."

Sungura akatafuta ukurasa. "Niandike ilifanya kazi gani, Mheshimiwa? Namba haikusogea."

"Andika ilikuwa inatoa maji."