Hita Inanuka, Naangaliwa Mimi

Jirani, hita yako ya bafuni hunuka? Yangu inanuka. Si moshi, si gesi. Ni kama samaki aliyekaangwa pamoja na karatasi yake. Mama watoto akavuta pua, akaniangalia miguu. Miguu yangu! Nikaiosha kwanza, nyumba itulie. Harufu haikujali.

Nikampigia landlord. Eti naoga maji moto sana. Keateka akasema ni chumvi ya borehole. Jamaa wa smokie akaapa ni panya amefia ukutani. Ploti nzima ni mainjinia, mjinga ni mimi peke yangu, na kodi nalipa. Mimi stima naijua kwa tokeni tu. Zikiisha ndiyo naijua zaidi.

Fundi akaja. Kijana mdogo, salamu hana. Akazima meni swichi, mimi nikaanza kulaani kwamba stima imepotea tena. Akaninyamazia. Akafungua swichi ya hita. Weeh! Ndani kumeiva. Waya mweusi, plastiki imeyeyuka.

“Mzee, hita inakula wati 5,500. Kwa volti 240 hiyo ni kama ampea 23. Na hapa mtu ameweka waya wa taa, wa 1.5! Halafu skrubu ya konekta imelegea. Lazima ichomeke. Umeelewa?”

“Skrubu,” nikajibu. Ndiyo niliyoisikia vizuri.

“Na athi iko wapi?”

Nikamwelekeza. Unapita Mlolongo, mbele kidogo, Athi River hiyo hapo. Akanitazama sana. Akamgeukia mama watoto, na tangu hapo maelezo yote akapewa yeye. Mimi nikakabidhiwa tochi. Nayo nikaambiwa namulika vibaya.

Amri ikatoka: hita isiguswe. Inunuliwe waya wa 6, swichi ya ampea 45, ile ya taa nyekundu, na athi ivutwe. Pesa atoe nani? Mbona mnaniangalia?

Nikarudi kwa landlord na risiti, kifua mbele. Waya ulikuwa wake, ukutani kwake, niliukuta. Akasoma polepole. Akaniuliza fundi alipitisha wapi waya mpya. Nikasema, kwa fahari kabisa, tulichimba ukuta.

Sasa nadaiwa plasta na rangi.