Mbinu Saba za Kufisha Waridi la Jangwani

Waridi la jangwani ni mmea wa kwetu. Huota lenyewe katika nyika kavu za Tsavo, Turkana na Dodoma, na ng'ambo ya bahari huko Yemeni na Dhofar, Oman. Mvua ikigoma, hupukutisha majani yote likabaki shina nene lililojaa maji, kisha likachanua hivyo hivyo, bila jani hata moja. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål alilikuta Yemeni na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1775. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakufa hukohuko kwa malaria mwaka 1763. Waridi bado lipo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidhani kazi ya kulifisha ni nyepesi. Yahitaji mapenzi mengi. Fuata mbinu hizi.

1. Ling'oe porini. Kitaluni utauziwa mche wa mbegu wenye shina la unene wa kidole, nawe mtu wa heshima unataka lenye tumbo leo hii. Beba sururu, tafuta lililokaa mwambani miaka mingi, likate mizizi liingie kwenye buti ya gari. Ukifika nyumbani lipande papo hapo na kulimwagia maji, vidonda vikiwa vibichi. Ukiliweka kivulini siku kadhaa vidonda vikauke, litapona, na hilo hatulitaki.

2. Lipe udongo wa kifahari. Chukua mfinyanzi mweusi, changanya na samadi mbichi. Mchanga wa chenga na kokoto, unaopitisha maji upesi, waachie wasiojali. Chungu kiwe cha kaure, kisicho na tundu chini, vigae visije vikachafuka.

3. Linyweshe asubuhi na jioni, hasa Juni na Julai, baridi ya Nairobi na Arusha inapokolea. Majira hayo halikui na halihitaji maji ila kidogo sana, basi usiliendekeze. Majani yakigeuka manjano, mwite jirani mkubaliane kwamba lina kiu, kisha ongeza ndoo. Siku utakayobonyeza shina likabonyea, hongera: mizizi imeoza.

4. Lipeleke sebuleni. Ni kweli kwamba bila jua kali la saa sita hivi kwa siku halitoi maua ya maana, lakini wageni wako hawakai juani. Litarefuka jembamba kama mwanafunzi wa bweni, likiegemea dirishani. Waambie linakua vizuri.

5. Litilie urea kila wiki. Naitrojeni ikizidi utavuna majani tele na maua machache, na shina litakuwa teketeke, tayari kwa kuoza. Vidung'ata weupe wakitanda kwenye vikonyo, waache. Nao wana watoto.

6. Lipogoe mikono mitupu. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huuchemsha utomvu wake wakapata sumu ya mishale ya kuwindia, kwa sababu una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Wewe jifute jicho kwa kidole hichohicho, na matawi uliyokata yaache pale watoto wanapochezea. Ila mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

7. Zigawe mbegu zake kwa upepo. Maganda hutoka mawili mawili, yamechongoka mfano wa pembe, na kila mbegu ina kishungi cha nywele kila ncha. Yaache yapasuke, mtaa mzima upate. Bahili hulifunga ganda kwa uzi kabla halijapasuka, akazipanda mbegu zingali mpya katika mchanga wenye joto, na wiki moja au mbili baadaye zimeota. Wewe panda vipandikizi vya matawi: hushika, lakini mara nyingi havifanyi lile tumbo nene ulilolitamani.

Mbinu zote saba zikishatimia, usisikitike. Wakulima wa Thailand na Taiwan wamezalisha aina zenye maua ya njano, mekundu ya kukaribia weusi, na hata ya petali za tabaka. Nunua moja kwa bei ya kuumiza, maana nabii hakubaliki kwao, kisha anza upya na mbinu ya pili.

Ama yule mkaidi atakaye maua, kazi yake ni fupi. Anunue mche wa mbegu kitaluni, atafute chungu chenye tundu, atie mchanga na kokoto, auweke juani kutwa, amwagilie pale tu udongo unapokuwa umekauka kabisa, na avae glavu anapokata. Halafu auache. Na yale yaliyoko nyikani yabaki nyikani: hayajawahi kumwomba mtu maji.