Jinsi ya Kutembelea Ngome ya Ukoo Kyavinyonge Bila Kuona Ukuta Hata Mmoja

Kuna watu husafiri hadi kisiwa cha Skye, Skotlandi, wakaone ngome ya Dunvegan, makao ya ukoo wa MacLeod kwa karibu miaka 800. Hukata tiketi, huitazama bendera kuukuu nyuma ya kioo, kisha huingia mashuani kuwapiga picha sili. Sisi wa Butembo, mashariki mwa Kongo, tuna njia ya mkato. Mwaka 1889 mpelelezi Stanley alilipatia ziwa letu jina la Edward, mwana wa Malkia Victoria. Miaka ya 1970 likaitwa Ziwa Idi Amin, na Amin, mtawala wa Uganda, ndiye yule yule aliyejiita Mfalme wa Skotlandi. Kwa hesabu hiyo Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi ufukweni mwa ziwa hilo, iliwahi kuwa pwani ya Skotlandi, ila hakuna aliyetupasha habari. Fuata hatua hizi.

1. Teremka. Panda moto, yaani pikipiki, pitia Kyondo. Vaa koti la baridi ya milimani. Ziwani utalibeba begani. Mvua ikinyesha, moto itakubeba nusu ya njia, nusu iliyobaki utaibeba wewe. Habari za usalama waulize waliotoka huko leo asubuhi, si jana. Dunvegan wageni hulipa mlangoni mara moja. Hapa milango ni mingi, na kila mlango una kamba, kijana wa kuishika, na bei yake.

2. Wasalimie wenye ngome. Kijiji kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, kwa hiyo binadamu ni mpangaji tu. Wenye nyumba ni viboko. Usiku hutoka majini kutafuta majani. Ukikutana na mmoja, usimwombe picha: mpishe, wala usisimame kati yake na maji.

Wala usiucheke ukoo huu. Miaka ya 1970 hifadhi ilikuwa na viboko karibu 30,000, na mavi yao yalirutubisha maji ambamo samaki hupata chakula. Mtawala anayewalipa kodi raia wake, tena kila siku! Kisha wenye bunduki wakawamaliza kwa ajili ya nyama na meno. Kufikia mwaka 2005 hawakutimia 1,000, na wavuvi wakajua kodi imekatika pale nyavu ziliporudi nyepesi.

3. Zunguka handaki la ngome. Ingia kwenye pirogi, umuulize mvuvi Uganda inaanzia wapi. Atanyoosha kidole, utaona maji. Mpaka haukupakwa rangi, lakini askari wa ng'ambo wanauona vizuri mno, na wavuvi wetu wengi wameufahamu wakiwa kizuizini.

4. Kula mezani pa ukoo. Meza ni jiwe la ufukweni. Mama anapara tilapia, magamba yamemganda hadi kiwikoni. Hatua mbili nyuma yake amesimama korongo marabu, kipara wazi, mabega juu, kama mzee wa baraza aliyekosa posho. Haombi, anangoja. Wewe usingoje. Bei ya kwanza ni ya mgeni, ya pili ni ya jirani, ya tatu utaipata ukisema "mama" kwa sauti ya mtoto mwenye njaa. Agiza na bugali.

5. Malizia na hazina. Hakuna ngome isiyo na hazina. Nenda Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo, wenye chale zilizopangwa safu tatu, unaokadiriwa kuwa na miaka kama 20,000. Wapo wataalamu wanaoona katika chale hizo hesabu. Yaani kabla ukoo wa MacLeod haujaweka jiwe la kwanza, hapa mtu alishaketi ufukweni akihesabu, pengine samaki, pengine siku, pengine madeni.

Ukishapiga picha ya nyasi, uliza mfupa wenyewe uko wapi. Utaambiwa: Brussels, kwenye jumba la makumbusho, nyuma ya kioo.

Usikate tamaa. Ngome yetu ni kubwa tu, chumba chake cha hazina kiko Ubelgiji. Njia ya kwenda huko haina tope, na kamba ni moja tu, inaitwa viza. Ila mwenye kuishika hapunguzi bei, hata ukimwita mama.