Utukufu wa Fomu ya Akademia

Malenga wetu wamesifu mnazi, jahazi na macho ya warembo, lakini sijamsikia hata mmoja akiisifu fomu ya kujiunga na shule ya kibinafsi. Ukimya huo ni aibu kwa fasihi. Mimi si malenga. Ni mzazi wa Migwani mwenye mtoto wa kuingia Gredi ya Kwanza, na fomu hii nimekaa nayo muda wa kutosha kuitolea ushahidi.

Sifa zake ndogondogo nizitaje kwa haraka. Huunganisha ukoo: mjomba mliyenuniana tangu mazishi ya babu atatafutwa, kwa kuwa lazima awepo mtu wa kupigiwa simu dharura ikitokea. Hukuza biashara: mwenye mashine ya fotokopi pale sokoni amesomesha watoto wake kwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu. Hufundisha unyenyekevu, maana yenyewe inauzwa, na mtoto akikosa nafasi pesa hazirudi. Tena inajali usafi. Kila mtoto, kila muhula, alete tishu kumi za msalani. Shule yenye watoto mia tatu hukusanya tishu elfu tatu; ingia chooni utakuta ukurasa wa daftari la hesabu umetundikwa kwenye msumari.

Ila sifa kuu ya fomu, inayoipandisha juu ya nyaraka zote za dunia, ni imani. Ukurasa wa pili, katikati ya ada ya kompyuta na ada ya ziara, imeandikwa: Kuogelea, shilingi 500 kwa muhula.

Mgeni asiyeijua Migwani aelezwe. Huku ni Kitui. Mito yetu hushuka kwa kishindo siku chache za mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Maji huchimbwa humo mchangani, yakachotwa kwa kata na subira, yakatiwa mitungini, na punda akayapandisha kilimani. Kama tuna sifa duniani kwa mambo ya maji, ni kwa mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakajificha chini yake, jua lisiyaone. Ni bwawa la ajabu na limeokoa vijiji vingi, lakini ukijirusha ndani yake kichwa mbele utavunjika shingo. Katika nchi ya namna hiyo ndipo fomu inatoza ada ya kuogelea.

Bwawa liko wapi? Hilo ni swali la wenye imani haba. Nililiuliza mimi, na karani akanijibu kwa upole, “Liko kwenye mpango, mzazi.” Pima uzito wa jambo hilo. Musa aliupiga mwamba ndipo maji yakatoka. Fomu haihitaji hata mwamba. Wahenga walisema elimu ni bahari, na kati ya wote waliowasikia ni fomu peke yake iliyowasadiki kiasi cha kutoza kiingilio cha ufukoni. Na bwawa lenyewe halina kasoro. Halijawahi kumzamisha mtoto. Halili dawa, halizalishi mbu, halimsumbui punda. Watoto huogelea humo miaka sita, toka Gredi ya Kwanza hadi ya Sita, nao hutoka wakavu. Lina sare yake, kaptura ya buluu inayopatikana katika duka moja tu, lililotajwa kwenye fomu. Lina miwani yake pia, na nyanya wa mtoto ameipenda kweli: huivaa akipepeta ndengu, vumbi lisimwingie machoni.

Intavyu nayo ningeisifu, ila hapa ulimi unakwama. Mtoto wa miaka sita aliketishwa peke yake mbele ya watu wazima watatu, akaonyeshwa picha ya ngazi za umeme, ataje jina lake kwa Kiingereza. Ngazi za umeme! Apande kwenda wapi, hapa Migwani? Akanyamaza. Wakaandika kwamba ni mzito. Mtoto huyo anamtambua kila mbuzi wa boma kwa mlio wake, na wao watatu, kwa pamoja, walikosea herufi za jina lake.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya umma ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Laiti angekuja kwenye akademia yetu, angeambiwa alete barua ya shule ya chekechea kuonyesha kwamba hadaiwi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazizuia shule za umma kumtahini mtoto ili kumpokea, isipokuwa Waziri ameidhinisha mtihani wa kumweka ngazi inayomfaa. Basi mtu atauliza: shule ya umma ipo, ni ya bure tangu 2003, wewe unafuata nini kwenye ngazi za umeme?

Jibu liko kwenye hesabu. Serikali humtengea kila mwanafunzi wa msingi wa shule ya umma shilingi 1,420 kwa mwaka, nazo huja zimechelewa na kwa vipande. Ada yetu ya kuogelea, kwa mihula mitatu, ni 1,500. Yaani bwawa lisilokuwepo linagharimiwa zaidi ya mtoto aliyepo.

Na wanaoijua hesabu hiyo vizuri kabisa nimewaona. Njoo mkutano wa wazazi wa akademia utazame viti vya mbele: walimu wa shule za umma, maafisa wa elimu, waheshimiwa wa kaunti. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti chekechea na serikali kuu shule ya msingi, na wawakilishi wa zote mbili wameketi pamoja, wakilipa ili watoto wao wafundishwe na kijana anayengoja kuajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Mwalimu aliyeajiriwa tayari, mwenye cheti, mshahara na pensheni, yuko pale mstari wa pili, anauliza basi la shule litapita kwake saa ngapi. Sisi wengine tunawafuata kwa ndengu. Shule hufunguliwa Januari, ndengu za mvua za vuli ndiyo kwanza zinavunwa, na dalali, anayeikumbuka tarehe ya karo kuliko mwalimu mkuu, ameketi na mizani yake akingoja tushuke bei.

Kwa hiyo na fomu sina ugomvi. Imetaja bei yake waziwazi na haijawahi kujiita ya bure. Naomba tu iongezwe kipengele kimoja: “Kama mzazi ni mwalimu wa shule ya umma, afisa wa elimu au mheshimiwa, aeleze hapa chini anachokijua kuhusu shule anazozisimamia ambacho wazazi wengine hawajaambiwa.” Nafasi ya jibu iachwe ukurasa mzima, na asijaziwe na mtu mwingine.